Tasbihi haiondoi sindano



Mwezi uliopita mama mmoja alinisubiri nje ya msikiti baada ya swala ya Alasiri. Mumewe, muuza dagaa wa Mwaloni, Kirumba, anaugua kisukari miaka mingi. "Ustadhi," akaniambia kwa sauti ya chini, "mzee ameacha sindano. Anasema mgeni wenu alisema adhkari zatosha."

Nilikosa la kujibu. Mgeni yule ni mimi niliyempangia ratiba. Darsa lake lilihusu utulivu wa moyo kwa wagonjwa, nalo lilikuwa jema mpaka ulimi ulipoteleza mwishoni. Sisi wanakamati tulisikia, tukanyamaza kwa kumstahi mgeni. Stahi ya namna ile ni udhaifu tu.

Ndugu msomaji, kukaa kimya, kuvuta pumzi taratibu na kumdhukuru Allah kunamfaa mgonjwa wa muda mrefu. Surat Ar-Ra'd, katika aya ya 28, imeufungamanisha utulivu wa nyoyo na dhikri, na Imam Ghazali aliitengea tafakuri kitabu kizima ndani ya Ihya yake. Hata huko Marekani, mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa wenye maumivu sugu, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, kutulia na kuzingatia pumzi zao. Mafunzo yale yaliwekwa kando ya matibabu, si mahali pake.

Sababu yake inaeleweka. Hofu huenda mbio na moyo, hukaza misuli, hufukuza usingizi. Na homoni zake hupandisha sukari ya damu. Aliyetulia hulala, na aliyelala hustahimili maumivu. Lakini mwili usiotengeneza insulini hauwezi kuipata kwa pumzi. Anayeihitaji akiiacha, damu yake hujaa sukari na asidi, na baada ya siku chache anaweza kupoteza fahamu, hata kufa. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kuhusu kujitibu, aliamrisha watu wajitibu. Nani kati yetu amepata idhini ya kulitangua hilo?

Anayetaka kuanza, na akae baada ya Alfajiri, kabla kelele za daladala hazijaamka. Mwenye magoti mabovu achukue kiti, hana lawama. Avute pumzi kwa pua, aitoe polepole kwa Subhanallah, dakika kumi zinatosha. Mwenye kisukari akihisi kutetemeka na jasho jembamba, asidhani ni khushui: huenda sukari imeshuka, anywe maji ya sukari mara moja. Na mzazi wa mtoto mwenye sikoseli, ambao Kanda yetu ya Ziwa inao wengi, akiona homa au maumivu makali asingoje kumaliza uradi. Ampeleke hospitali.

Ijumaa iliyofuata nilisimama mbele ya jamaa, nikalisahihisha neno lile na kukiri uzembe wangu. Mzee nilimsindikiza kliniki mwenyewe. Siku hizi hukaa na tasbihi yake karibu na nguzo ya tatu mpaka jua lichomoze, kisha huondoka kwenda kuchoma sindano kabla ya chai. Nyumbani hawana friji. Mkewe huihifadhi insulini ndani ya chungu kilichozungushiwa mchanga mbichi, na kila asubuhi huunyunyizia maji.