DEREVA AMEAMRIWA KULALA: LORI LILALE WAPI?

Ndugu Wanachama,

Mwezi uliopita ndugu yetu mmoja, dereva wa lori la chai kutoka hapa Olenguruone, alipokea mshahara wake umekatwa. Alipouliza sababu aliambiwa kwamba mafuta yalifyonzwa katika tangi usiku, aliposimama njiani kwenda Mombasa. Yeye ndiye aliyekabidhiwa lori, basi alipe. Hakuna aliyemwuliza kwa nini alisimama pale. Wala hakuna aliyemwonyesha, kabla hajatoka, mahali pa kusimama. Twataka kulijibu jambo hili mbele ya watu wote, maana si lake peke yake.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa hesabu haina upendeleo. Toka Olenguruone, kupita Nakuru na Nairobi, mpaka Mombasa ni zaidi ya kilomita 700. Sheria ya Trafiki yakataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Tena lori zito haliruhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa. Zidisha 8 kwa 80, wapata 640. Maana yake, hata dereva asiyekunywa maji, asiyesimama kwenye mizani, asiyekuta mlima wala foleni ya magari, hawezi kufika Mombasa kwa siku moja bila kuvunja sheria. Basi kulala njiani si uvivu. Ni amri. Na tajiri ajua hivyo siku anapotia sahihi karatasi ya safari.

Je, tajiri ameandaa nini kwa usiku huo? Ameweka katika lori mtambo wa kumwonyesha kwenye simu yake kila linaposimama. Likisimama dakika kumi, simu yalia: "Kwa nini umesimama?" Ana jicho la kuona lori limelala, lakini hana mkono wa kulipia ua wa kulilaza. Serikali nayo imejenga mizani Gilgil, Athi River na Mariakani ili kuupima mzigo. Vizuri, barabara zapona. Lakini mahali pa kumlaza aliyeuleta mzigo hapatoshi. Ndiyo sababu waona malori yamepangana kando ya njia Salgaa, Maai Mahiu, Mlolongo na Mtito Andei, magurudumu ya upande mmoja juu ya lami, dereva amelala ndani na utingo amekaa macho na rungu.

Waendao Mombasa wamepata kuona majahazi katika Bandari ya Kale. Mwulizeni nahodha atokaye Lamu. Kabla hajatweka tanga ajua atatia nanga wapi upepo ukimkataa. Ajua hori la Kilifi na hori la Mtwapa, ambako maji yaingia bara na mawimbi ya nje hayafiki. Akishuka pwani kutafuta chakula, humwacha baharia chomboni. Hatujasikia mwenye jahazi amwambiaye nahodha, "Tia nanga popote, hata juu ya mwamba, na chombo kikivunjika utalipa wewe." Mtu kama huyo angechekwa pwani yote. Lakini huku bara maneno hayo twaambiwa kila siku, na hakuna anayecheka.

Tena hatari si ya dereva tu. Sisi wa upande wa Molo hatujasahau Sachangwan, tarehe 31 Januari 2009. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuteka mafuta yaliyomwagika, moto ukawaka na kuua zaidi ya watu 100. Lori lile lilipinduka, halikuegeshwa. Lakini funzo ni lile lile: mzigo mkubwa ukikaa kando ya njia pasipo ulinzi wala nafasi, jirani ndiye wa kwanza kuungua.

Matajiri wana jibu lao. Wasema madereva wenyewe ndio wanaouza mafuta. Hatutawaficha: wamo wachache wafanyao hivyo, na Chama hakitawatetea. Wamo pia wanaopewa pesa za kuegesha, wakazitia mfukoni na kulala barabarani. Ndugu hao, waacheni mchezo huo, kwa maana mnampa tajiri fimbo ya kutupigia sote. Lakini twamwuliza tajiri: ukitaka kumjua mwizi, utamjua wapi? Katika ua wenye taa, askari na kitabu cha kuandika saa ya kuingia na ya kutoka, au katika giza la njia? Giza lamficha mwizi, na lamhukumu asiye na kosa.

Sheria yenyewe iko wazi. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 chamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyopotea kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Kusinzia baada ya saa 8 za kazi si kosa la makusudi. Ni kutii sheria.

Kwa hiyo twadai haya:

1. Mahali pa kulala paandikwe katika karatasi ya safari kabla lori halijaondoka, na pawe pa pili endapo pa kwanza pamejaa.

2. Ada ya kuegesha ilipwe na tajiri, mbali na pesa za chakula, kwa risiti.

3. Mshahara usikatwe kwa wizi wa njiani mpaka kosa la makusudi lithibitishwe.

4. Dereva aliyemaliza saa zake asipigiwe simu ya kumwondoa alipolala.

5. Kaunti zinazotoza malori ada ya kuegesha ziweke taa, choo, maji na askari. Anayepokea pesa za ulinzi na alinde.

Nanyi wanachama mna kazi. Kila mmoja aandike mahali anapolala njiani, na ajibu maswali manne: Pana ua? Pana taa? Pana mlinzi mwenye kitabu? Pana choo na maji? Leteni karatasi hizo kwenye mkutano wa tawi. Tutazikusanya tuwe na orodha yetu, kama nahodha alivyo na bandari zake kichwani. Tajiri akisema hajui pa kulilaza lori, tutamwekea orodha mezani. Akikataa kuisoma, kila mtu ataona kwamba hakukosa kujua. Alikosa kutaka.

Ndugu yetu aliyekatwa mshahara bado hajarudishiwa. Tutamfuatia mpaka arudishiwe.

Umoja ni nguvu.

Sisi, Halmashauri ya Tawi, Olenguruone