Samaki Wako Hana Njaa Kiasi Hicho

Tangu watu wajue kwamba nafuga samaki wa baharini sebuleni, swali ninaloulizwa kuliko yote si la siasa wala la uandishi. Ni hili: dawa gani inashusha nitrati? Anayeuliza huwa ametoka kupima maji ya tangi lake, kichupa cha kipimo kimegeuka chekundu kama juisi ya rosela, na kadi ya rangi inasema 80 au 100. Muuzaji naye keshamwambia kuna chupa fulani, matone machache tu, kila kitu kitakwisha.

Jibu langu huwaudhi. Punguza mkono. Unalisha mno.

Jamani, hebu tufanye hesabu kwanza. Chakula cha samaki ni protini, na karibu asilimia 16 ya protini ni naitrojeni. Sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo haigeuki kuwa nyama ya samaki. Inatoka kwenye matamvua yake ikiwa amonia, ambayo ni sumu kali. Bakteria wanaoishi kwenye mawe, mchanga na sifongo za chujio wanaigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati. Hapo safari inakwama. Nitrati inabaki majini, inajikusanya wiki baada ya wiki, mpaka mtu aje aitoe.

Sasa chukua gramu 10 za chakula kikavu chenye protini asilimia 45. Ndani yake kuna gramu 0.72 za naitrojeni. Zikigeuka zote kuwa nitrati unapata gramu 3.2 hivi, na kwenye tangi la lita 200 hizo ni miligramu 16 kwa kila lita. Ukilisha hivyo kila wiki na kila wiki ukabadilisha asilimia 10 ya maji, unajua namba itasimama wapi? Itapanda mpaka 160, ndipo kinachoingia kilingane na kinachotoka. Ndiyo maana kuna watu wanalalamika, "Mbona mimi nabadilisha maji kila Jumamosi na bado?" Kweli anabadilisha. Ila kwa mkono wa pili anarudisha yote. Punguza chakula nusu, namba itasimama kwenye 80. Punguza chakula nusu na ubadilishe asilimia 20 badala ya 10, itasimama kwenye 40. Nakubali kwamba hesabu hii ni ya juu kabisa, kwa kuwa samaki anakua na mwani unanyonya kidogo. Lakini mwelekeo ndio huo, na hujanunua chupa hata moja.

Samaki anakudanganya, hilo ndilo tatizo. Ukipita karibu na kioo anakuja mbio kama mtoto aliyesikia mlango wa friji. Miambani samaki wengi wanadonoa siku nzima, kidogo kidogo, na kila kinachopita mbele yao wanakiona chakula. Hiyo ni tabia, njaa haimo. Wanaosafirisha samaki wa mapambo kwa ndege huwanyima chakula siku moja au mbili kabla ya safari makusudi, ili wasichafue maji ya mfuko, na wanafika wazima. Wa kwako hatakufa ukisahau Jumapili moja. Na kama unatumia chakula cha kugandishwa, kiyeyushe, yamwage yale maji yake, kisuuze kwenye kichujio cha chai ndipo ukimimine.

Halafu tuelewane: namba hiyo inamtisha nani? Kwenye miamba ya bahari ya wazi nitrati ni ndogo sana, chini ya miligramu 1 kwa lita. Samaki wengi wa tangini wanavumilia 30 au 40 bila kuonyesha shida, ingawa kadiri inavyopanda ndivyo wanavyodhoofika na mwani mchafu unavyotawala kioo. Matumbawe na wanyama wengine wasio na uti wa mgongo ndio wanaoteseka mapema, kwa hiyo mwenye matumbawe ajitahidi awe chini ya 10. Wengine nao wanakimbilia sifuri! Usifike huko. Matumbawe yanahitaji nitrati kidogo, bila hiyo yanapauka, na vijidudu vya kahawia vyenye utelezi hupata nafasi ya kutanda juu ya mchanga. Tena soma karatasi ya kipimo chako vizuri. Vipimo vingine vinahesabu nitrati nzima, vingine naitrojeni iliyomo tu, na tofauti yake ni mara 4.4. Kumi ya huyu ni arobaini na nne ya yule. Nimeshuhudia watu wawili wakibishana jioni nzima, kumbe maji yao ni sawa.

Maji yenyewe je? Hapa mjini wengi tunategemea kisima, na kisima kilichochimbwa kwenye mtaa uliojaa vyoo vya shimo mara nyingi huwa na nitrati yake tayari. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha 50 kwa maji ya kunywa, maana yake maji yanaweza kuwa halali kwa kunywa na yakaharibu tangi lako. Pima maji unayoongeza kabla hujalaumu samaki. Tumia yaliyochujwa kwa mashine, kisha changanya chumvi. Wanaochota baharini waende mbali na mito na mabomba ya maji taka. Ukichota karibu na Salender, pale Mto Msimbazi unapoingia baharini, unaleta nyumbani uchafu wa jiji zima kwenye ndoo.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze vifaa. Sifongo zisuuzwe mara kwa mara, kwenye maji ya tangi yaliyotolewa, zisiachwe mpaka zioze. Skima nzuri inavuta uchafu na povu kabla haujafika kuwa nitrati. Mawe yenye vitundu vingi yana bakteria ndani kabisa, kusiko na oksijeni, wanaoigeuza nitrati kuwa gesi inayopotea hewani. Lee Chin Eng wa Indonesia alieleza mwaka 1961 jinsi anavyofuga kwa mawe ya aina hiyo na mapovu ya hewa, bila mitambo mingi. (Msiende kuvunja matumbawe. Biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa, na hata bila sheria hiyo, acheni tu.)

Ninachokipenda zaidi ni mwani. Unaoteshwa kwenye tangi dogo la pembeni lenye taa, unanyonya nitrati, ukijaa unaupunguza na kuutupa. Mikoko nayo inapendeza ila inakua taratibu mno, usiitegemee. Wapo pia wanaotia vodka, matone yanayopimwa kwa sindano, ili bakteria waongezeke na kuila nitrati. Inafanya kazi, sibishi. Lakini ukizidisha, bakteria wanamaliza oksijeni usiku na asubuhi unaokota maiti. (Konyagi iacheni mezani.)

Kwa nini nakasirika kwa jambo la sebuleni? Kwa sababu samaki hawa hawatoki kiwandani. Wengi wamekamatwa miambani, mmoja mmoja, na wapiga mbizi, wakiwemo wavuvi wa pwani ya Kenya wanaoishi kwa kazi hiyo. Kangaja akifia kwenye tangi la lita 100 la mapokezi ya hoteli, anaagizwa mwingine. Nimeona hoteli moja ikifanya hivyo mara tatu, na kila mara mhusika alinunua dawa ya nitrati pamoja na samaki mpya. Hakuna aliyemwambia mhudumu aache kutupia chakula kila mgeni anapoleta mtoto kuangalia.

Basi kama leo uko kwenye 100, usimwage maji yote kwa hasira. Maji ya tangi lililozembewa huwa yameshuka pH pia, na kuyabadilisha ghafla kunaweza kumwua samaki aliyeyazoea. Tangi la lita 200: toa lita 40 kila wiki, rudisha yenye chumvi na joto lile lile, chakula nusu. Kwa hesabu yangu ya juu, wiki ya tisa ndipo utasoma chini ya 50. Katika wiki hizo tisa dukani usiende.