Albamu ya kwanza ya baba yako ilikuwa ipi?

Mashabiki wa roki progresivu wana swali moja ambalo hawachoki kuulizana: albamu yako ya kwanza ya bendi hii ilikuwa ipi? Hawaulizi iliyo bora. Wanauliza ya kwanza, ile uliyoinunua kwa hela uliyodunduliza, au uliyoachiwa na kaka alipohama nyumbani, au uliyoikuta kabatini kwa baba ukaizoea kabla hujajua hata jina la mwimbaji.

Waulize hivyo watu wa Uingereza, Marekani au Kanada wanaokaribia miaka 70, halafu kaa chini usikilize. Mtu asiyekumbuka alipoweka miwani asubuhi atakueleza duka lilikuwa mtaa gani, jalada lilikuwa na picha gani, na ni wimbo upi uliokuwa ukikwaruza kwa sababu mdogo wake aliidondosha santuri.

Najua safu hii ni ya afya. Nivumilie kidogo, tutafika.

Kwanza kwa wasioufahamu muziki wenyewe. Roki progresivu ilishika kasi Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Vijana waliochoka na nyimbo za dakika tatu walianza kuchanganya magitaa ya umeme na vinanda, filimbi na mitindo ya muziki wa klasiki. King Crimson walitoa albamu yao ya kwanza Oktoba 1969. Mwaka 1972 Yes walitoa Close to the Edge, ambayo upande mzima wa kwanza wa santuri ni wimbo mmoja wa dakika zipatazo 18. Mwaka huohuo Jethro Tull walikwenda mbali zaidi: Thick as a Brick ni wimbo mmoja uliojaza pande zote mbili. Unafika katikati, unanyanyuka kuigeuza santuri, unaendelea. Kuna wanaoiweka Queen ya mwanzo katika kundi hili, ile ya Freddie Mercury aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946. Wengine hukataa kabisa. Ubishi huo tuwaachie wenyewe.

Kinachonivutia ni kwamba albamu ya kwanza ya mtu mara nyingi si ile ambayo wataalamu huisifu. Wengi waliokuwa vijana miaka ya 1980 waliijua Genesis kwa Invisible Touch ya mwaka 1986, albamu ya nyimbo fupi zilizopigwa sana redioni. Baadaye ndipo waliporudi nyuma hadi Foxtrot ya mwaka 1972, yenye wimbo wa dakika kama 23. Yes nao wana kizazi kizima kilichoingia kupitia 90125 ya mwaka 1983. Na hata aliyekwisha kuzisikia albamu zote kubwa bado ana kona ya moyo kwa ile ya kwanza. Ukimwambia ni dhaifu anaweza hata kukubali. Lakini hatakupa.

Kwa nini? Sehemu ya jibu ni umaskini wa mwanafunzi. Kijana wa mwaka 1973 aliyenunua The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd hakuwa na hela ya kununua nyingine wiki iliyofuata. Alikuwa na hiyo. Ile albamu huanza na mapigo ya moyo na kuishia nayo, na katikati inazungumzia muda, pesa, kifo na kuchanganyikiwa akili. Mambo hayo si mepesi kwa mtoto wa miaka 15. Asipoyaelewa leo, atayasikia tena kesho, na keshokutwa. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba binadamu huwa anakipenda zaidi kitu kwa kukutana nacho mara kwa mara tu, hata bila sababu nyingine. Mtoto wa leo ana nyimbo zote za dunia ndani ya simu, na wimbo usipomkolea kwa sekunde kumi anauruka. Sisemi kwamba anakosea. Nasema hapati ile nafasi ya kuzoeshwa kitu kigumu.

Sehemu nyingine ya jibu ni umri wenyewe. Watafiti wa kumbukumbu wamegundua kwamba mtu mzima akiulizwa kuhusu maisha yake, hukumbuka mambo mengi kupita kiasi ya kati ya miaka 10 na 30 hivi. Ndiyo miaka ya mambo ya kwanza: rafiki wa kwanza wa dhati, mapenzi ya kwanza, mshahara wa kwanza. Muziki wa miaka hiyo hunata pamoja nayo.

Sasa tumefika mahali pa wazazi. Mwaka 2013 Carol Krumhansl wa Chuo Kikuu cha Cornell na mwenzake Justin Zupnick walichapisha utafiti ambao natamani kila baba na mama ausome. Waliwasikilizisha vijana wa umri wa chuo nyimbo zilizovuma Marekani kuanzia mwaka 1955 hadi 2009, wakawauliza zipi wanazitambua, zipi wanazipenda, na zipi zinawaletea kumbukumbu. Kama ilivyotarajiwa, nyimbo za ujana wao zilipata alama za juu. Lakini kulikuwa na kilima kingine, kwenye nyimbo za miaka ambayo wazazi wao walikuwa vijana. Na kingine tena kwenye miaka ya 1960, ambacho watafiti walikihusisha pamoja na mambo mengine na bibi na babu zao.

Maana yake ni kwamba muziki unaoupiga sebuleni Jumapili ukikunja nguo, mtoto akiwa amenuna na simu yake, unaingia. Hata kama anasema ni wa kizee.

Katika bendi hizi hilo limewahi kuonekana jukwaani. Genesis walipofanya ziara yao ya mwisho mwaka 2021 na 2022, Phil Collins hakuweza tena kupiga ngoma kwa sababu ya matatizo ya mgongo na neva. Aliimba akiwa amekaa kwenye kiti. Nyuma yake, kwenye ngoma alizokuwa akizipiga yeye tangu mwaka 1970, alikaa mwanawe Nic, kijana wa miaka kama 20.

Kuna faida nyingine ya kiafya ambayo familia nyingi huikumbuka ikiwa imechelewa. Mtu akipata dimenshia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu unaowapata zaidi wazee, mara nyingi muziki wa ujana wake hubaki baada ya mengine kuondoka. Mzee anaweza kushindwa kumtaja mtoto wake kwa jina, halafu wimbo wa zamani ukaanza naye akaufuata. Niseme wazi: muziki hautibu dimenshia, na anayekuuzia tiba ya namna hiyo mkimbie. Lakini unaweza kumtuliza mgonjwa aliyehamaki na kuwapa ndugu dakika chache za kuwa pamoja naye. Uskochi kuna shirika liitwalo Playlist for Life, lililoanzishwa mwaka 2013 na mtangazaji Sally Magnusson baada ya kumuuguza mama yake. Kazi yake ni kusaidia familia kutafuta nyimbo za maisha ya mgonjwa.

Shida iko hapo kwenye kutafuta. Anayezijua nyimbo ni mgonjwa mwenyewe, na ameshaanza kusahau. Ukikisia kwamba kila mzee wa rika lake alipenda kitu kilekile, unaweza kumwekea saa nzima ya muziki aliokuwa akiuchukia. Kwa hiyo lile swali la mashabiki, ambalo linaonekana la watu wasio na kazi, ni la kuulizwa sasa, baba akiwa bado na akili zake timamu. Kaseti yako ya kwanza ilikuwa ya nani? Uliinunua wapi? Nani alikuwa nayo kabla yako? Sikinde au Msondo? Usiulize mapenzi yake kwa jumla, atakujibu "napenda zilipendwa" na mazungumzo yataishia hapo. Uliza kitu kimoja, cha kwanza. Kisha andika majibu kwenye simu, pamoja na jina la wimbo.

Na kwa watoto? Wao hawana kaseti wala santuri, wana spika za masikioni. Hapa nina ugomvi kidogo na wazazi wanaogombana na mtoto kuhusu aina ya muziki huku sauti yenyewe wakiiacha. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba zaidi ya vijana bilioni 1 wako katika hatari ya kuharibu masikio kwa usikilizaji usio salama. Kipimo kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa muda usiozidi saa 40 kwa wiki. Kwa mtoto ni desibeli 75 kwa muda huohuo. Sauti ikipanda hadi desibeli 90, saa 40 za mtu mzima zinabaki 4 tu. Vijinywele vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikifa havioti tena, hata ukitumia dawa gani.

Nyumbani hakuna mwenye kifaa cha kupima desibeli, kwa hiyo tumia njia rahisi. Sauti ya simu isizidi asilimia 60 ya uwezo wake. Simu nyingi zina sehemu ya kuweka kikomo kwenye mipangilio ya sauti, na inachukua dakika moja. Kama umesimama hatua moja kutoka kwa mtoto na unasikia maneno ya wimbo unaopigwa masikioni mwake, ni kubwa mno. Akilalamika kwamba masikio yanavuma au anaanza kuuliza "nini?" kila mara, mpeleke kituo cha afya akapimwe usikivu.

Na kabla hujaipunguza hiyo sauti, muulize anasikiliza nini. Omba spika moja ya sikio ukae naye wimbo mzima, hata ukiwa wa dakika 23.