Ndege za jeshi zisaidie wakati wa maafa, lakini forodha isikae pembeni

Mvua kubwa zinapokata barabara Afrika Mashariki, macho ya wengi huelekea angani. Mei 2023 mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda na kufunga barabara kadhaa za magharibi, karibu na mpaka wa Congo. Novemba mwaka huo huo mvua za El Niño ziliutenganisha mji wa Garissa na Nairobi. Aprili 2024 mafuriko yakarudi tena Kenya, Tanzania na Burundi. Nyanya hazisubiri daraja lijengwe, wala samaki hawasubiri maji yapungue. Ndiyo maana mfanyabiashara aliyekwama na mzigo ana haki ya kuuliza: majeshi yetu yana ndege za mizigo, kwa nini zisisaidie?

Jibu ni kwamba zinaweza kusaidia, na kwa gharama ndogo kuliko inavyodhaniwa, ikiwa nchi wanachama zitakubaliana mapema juu ya vifaa na masharti. Lakini wafanyabiashara wa mipakani wawe wa kwanza kukataa mpango wowote utakaozigeuza ndege hizo kuwa njia ya mizigo isiyopita forodha. Eneo hili limewahi kuona faida ya ndege za aina hiyo, na limewahi kuona hasara yake.

Ndege ya mizigo ya jeshi ni kama lori lenye mabawa. Tumbo lake ni tupu, mlango wa nyuma ni mpana, na magurudumu yake yanavumilia uwanja wa changarawe. Kwa sababu hiyo, tangu C-130 Hercules ya Marekani iruke mara ya kwanza mwaka 1954, wahandisi wameipa kazi nyingi ambazo haikuzaliwa nazo. Mwaka 1963 ilitua mara 21 juu ya manowari ya kubebea ndege, USS Forrestal. Mwaka 1980 nyingine ilifungwa roketi ili iweze kutua ndani ya uwanja wa mpira mjini Tehran na kuwaokoa Wamarekani waliokuwa wameshikwa mateka. Katika majaribio roketi za kupunguza mwendo ziliwaka kabla ya wakati, bawa likavunjika, na mpango ukaachwa. Hivi karibuni Wamarekani walitaka kuifunga maboya ili itue majini, wakaanza kuchora, kisha wakasitisha.

Mabadiliko yaliyodumu ni yale ya kawaida. Zipo Hercules zenye miguu ya kuteleza juu ya barafu, ambazo hadi leo hupeleka mizigo Greenland na Antaktika. Zipo zinazoingia ndani ya vimbunga kupima upepo ili watu wa pwani waonywe mapema. Kikosi kimoja huko Ohio kina ndege zenye mitambo ya kunyunyizia dawa, nacho kilipambana na mbu baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005. Kisha kuna mtambo wa kuzima moto uliotengenezwa miaka ya 1970: tenki la lita zipatazo 11,000 linasukumwa ndani kupitia mlango wa nyuma, linafungwa sakafuni, na ndege inakuwa zimamoto bila kukatwa hata bati moja. Moto ukiisha, tenki linatolewa na ndege inarudi kubeba askari. Airbus ilifanya jaribio kama hilo mwaka 2022 kwa ndege yake ya A400M, kwa tenki la lita 20,000.

Hapo ndipo penye funzo kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hakuna sababu ya kununua ndege mpya ya maafa. Kenya tayari ina C-27J Spartan, ndege ya injini mbili iliyotengenezwa Italia na yenye uwezo wa kutumia viwanja vifupi visivyo na lami. Kinachokosekana ni mitambo ya kuingiza na kutoa, marubani waliofunzwa kuitumia, na makubaliano ya jinsi ndege ya nchi moja itakavyofanya kazi katika anga ya jirani bila barua kuzunguka wizarani kwa wiki mbili.

Kazi zenyewe zipo. Oktoba 2020 moto uliwaka Mlima Kilimanjaro, na watu kwa mamia wakapanda kuuzima kwa matawi na majembe. Msitu wa mlima huo ni chanzo cha maji kwa mashamba ya pande zote mbili za mpaka, na mboga zinazovuka Holili na Tarakea zinayategemea maji hayo. Ndege yenye tenki isingemaliza kila kitu, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi na ndege iliyojaa hupoteza nguvu. Lakini kwenye miteremko ya chini ingewapa wazimamoto nafasi ya kufika.

Mwaka huo huo nzige walivamia Kenya na kuingia Uganda, ambako askari walipelekwa na pampu za mkononi. Kunyunyizia nzige ni kazi ya ndege ndogo zinazoruka chini. Kazi ya ndege kubwa ingekuwa kupeleka dawa, mafuta na pampu hadi uwanja ulio karibu na nzige, kabla hawajahamia nchi ya pili.

Si kila ndoto inafaa. Wapo watakaowaza ndege yenye maboya ikitua Ziwa Victoria. Novemba 2022 ndege ya abiria ilipoanguka ziwani Bukoba na kuua watu 19, waliofika wa kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Fedha za maboya ya ndege zingenunua boti nyingi za uokoaji, maboya ya kujiokolea na redio kwa kila mwalo. Ziwa linahitaji hivyo kwanza.

Na mzigo wa biashara? Hapa hesabu iwe wazi. C-27J hubeba tani zipatazo 11. Lori moja la njia ya Mombasa hadi Kampala hubeba zaidi ya tani 25. Ndege itahitaji safari tatu kubeba mzigo wa lori moja, na mafuta yake ni ghali mno. Hakuna mfanyabiashara wa mahindi au saruji atakayepata faida hapo. Wanaoweza kunufaika, kwa siku chache za dharura, ni wenye dawa, mbegu, vifaranga, samaki na vipuri vya mashine.

Zambia ilijifunza hesabu hiyo kwa uchungu. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini chini ya Ian Smith walijitangazia uhuru, na njia ya mafuta ya Zambia ikabanwa. Uingereza ilileta ndege za jeshi aina ya Britannia, Canada ikaleta Hercules, na mafuta yakaingia kwa mapipa kwa njia ya anga, baadhi yakitokea Afrika Mashariki na mengine Congo. Baadaye kampuni ya Zambian Air Cargoes ilitumia L-100, yaani Hercules ya kiraia, kubeba shaba hadi Dar es Salaam na kurudi na mafuta. Ndege ziliiwezesha nchi kupumua. Lakini kilichoikomboa ni bomba la TAZAMA lililokamilika mwaka 1968, barabara iliyotengenezwa upya, na reli ya TAZARA iliyoanza kazi miaka ya 1970. Serikali isiyojenga madaraja imara haiwezi kujificha nyuma ya bawa la ndege.

Upande wa pili wa historia ni mchungu zaidi. Wakati wa vita vya Congo, ripoti ya jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya Aprili 2001 ilieleza jinsi uwanja wa kijeshi wa Entebbe ulivyotumika kusafirisha bidhaa kati ya Uganda na mashariki mwa Congo bila ukaguzi wa kawaida wa forodha. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Uganda ilikiuka wajibu wake kutokana na uporaji wa maliasili uliofanywa na askari wake, ingawa haikuona uthibitisho kwamba ilikuwa sera ya serikali. Mwaka 2022 iliamuru Uganda ilipe fidia ya dola milioni 325, zikiwemo milioni 60 kwa ajili ya maliasili. Anayelipa deni hilo ni mlipa kodi, akiwemo muuza vitenge wa Mpondwe ambaye hakuwahi kupanda ndege ya jeshi.

Mfanyabiashara mdogo hushindwa kwa urahisi pale mwenye cheo anapopitisha mzigo mlango wa nyuma. Yeye amesimama foleni Busia, Namanga au Rusumo, amelipa ushuru na ada ya wakala. Mwenzake ameteremsha mzigo kwenye uwanja usio na ofisa wa forodha, na kesho yake anauza sokoni kwa bei ambayo hakuna anayeiweza.

Kwa hiyo masharti yaandikwe kabla ya mvua ijayo. Itifaki ya ushirikiano katika masuala ya ulinzi, ambayo nchi wanachama zilitia saini mwaka 2012, ni mahali pazuri pa kuanzia. Itamkwe ni maafa gani yanaruhusu ndege ya nchi moja kuitwa na jirani, na nani analipia mafuta. Kila shehena iwe na hati, na ofisa wa forodha awepo inapopakiwa na inapoteremshwa, hata kama uwanja ni wa jeshi. Bidhaa za msaada zipate msamaha ambao sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 tayari inautoa, na bidhaa za biashara zilipe kama kawaida. Orodha ya mizigo na wenye mizigo itangazwe hadharani. Nafasi za biashara zigawanywe kupitia vyama vya wafanyabiashara wa mipakani, na huduma ikome siku barabara inapofunguliwa.

Vyama hivyo visingoje kualikwa. Vipeleke madai haya kwa wabunge wa Afrika Mashariki na kwa wizara zinazohusika sasa, wakati barabara ni kavu. Maafa yakishafika, ndege itaruka tu, na anayeamua nini kipakiwe atakuwa yule aliyekuwa na namba ya simu ya jenerali.