Gavana Hachaguliwi Sokoni

Pita soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, ukamtaje mwanamke yeyote anayetafuta kiti cha ubunge. Hutamaliza sentensi kabla hujajibiwa: "Wanawake hawapendani. Wao ndio wengi, wangetaka wangemchagua mwenzao." Husema hivyo mwalimu wa chuo, husema hivyo dereva wa teksi, na mara nyingi husema hivyo akina mama wenyewe, mafungu ya sombe yakiwa mbele yao. Mwezi wa Machi ndiyo balaa: tumevaa kitenge cha sare ya tarehe 8, Siku ya Wanawake, tunaandamana juani mbele ya wakubwa waliokaa kivulini, na bado tunaambiwa tatizo ni sisi.

Ni uongo, na kuna watu unaowafaa sana.

Tuanze na kiti kikubwa. Haut-Katanga ilizaliwa 2015, Katanga ya zamani ilipogawanywa, na tangu hapo haijapata gavana mwanamke. Ni mama gani wa mtaa wetu wa Katuba aliyemnyima mwenzake kura hiyo? Hayupo, kwa sababu hakuna mama wa Katuba aliyewahi kuulizwa. Gavana huchaguliwa na wabunge wa jimbo, watu wachache ndani ya ukumbi, sisi wengine tunasikia matokeo redioni. Wabunge wa majimbo ndio pia wanaochagua maseneta, na Machi 2019 Rais Tshisekedi aliwazuia kwa muda maseneta wapya wasianze kazi kwa sababu ya tuhuma za rushwa katika kura hiyo. Katika mchezo wa namna hiyo, upendo wa wanawake wa sokoni unaingilia mlango gani?

Majirani zetu wa Lualaba wanaye Fifi Masuka. Alikuwa naibu gavana, akakaimu kiti kuanzia 2021, na Aprili 2024 wabunge wa jimbo wakamchagua. Je, tuseme kwao Kolwezi wanawake wanapendana kuliko hapa? Upuuzi. Alikuwa ndani tayari, ana washirika na ana nguvu. Judith Suminwa naye amekuwa waziri mkuu wa kwanza mwanamke wa nchi hii, Aprili 2024, kwa kuteuliwa na rais. Hata meya wa mji wetu hutoka kwa uteuzi, na Marie-Grégoire Tambila aliwahi kukalia kiti hicho. Popote kiti kinapotolewa kwa kalamu ya mtu, muulizeni mwenye kalamu.

Ubunge, nakubali, tunaupigia kura wenyewe. Lakini tarehe 20 Desemba 2023, mama mmoja wa mtaa wa Kampemba alifika kwenye mashine ya kura akiwa ameandika namba ya mgombea wake kiganjani kwa bic. Namba ile aliitoa kwenye fulana aliyogawiwa na kwenye gari la kipaza sauti lililozunguka mtaani kwao wiki nzima. Vyote hivyo ni pesa. Nilipomuuliza kama kwenye kioo hakuona mwanamke, alinishangaa: kumbe walikuwepo? Hakumkataa mtu. Hakuna aliyemtambulishia mgombea mwanamke.

Tena nani aliwahi kusema wanaume hawapendani? Tshombe na Sendwe, viongozi wa vyama hasimu vya Katanga, walifarakana mwaka 1960, na Katanga ikamwaga damu ya watu wake. Hakuna aliyehitimisha kwamba, basi, mwanaume ni adui wa mwanaume na hafai kutawala. Ugomvi wao unaitwa siasa, wetu unaitwa tabia. (Ndiyo, likelemba, ule mchango wetu wa zamu, huvunjika kwa maneno. Lakini akina mama walewale humchagua mwenzao, wakamkabidhi pesa yao yote, bila risiti.)

Kuna pia jambo la kuchelewa, ambalo wenye msemo huu hawaligusi. Kura ya mitaa ya 1957 hapa Lubumbashi, wakati huo Élisabethville, ilikuwa ya wanaume tu. Ile ya Mei 1960, iliyozaa serikali ya uhuru, vilevile. Mwanamke wa Kongo alipewa haki ya kura 1967, wakati nafasi zimeshagawanywa.

Halafu sheria. Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2006 kinaahidi usawa wa wanawake na wanaume katika uongozi, hadi majimboni. Mwaka huohuo sheria ya uchaguzi, kifungu cha 13, ikataka orodha za wagombea zizingatie usawa, kisha ikaongeza kwamba orodha isiyozingatia haitakataliwa. Matokeo ya uchaguzi wa mwaka huo: wanawake 42 katika viti 500 vya bunge. Marekebisho ya 2022 yalikisamehe dhamana chama chenye nusu ya wagombea wanawake, yaani hongo ndogo ya kutii Katiba. Burundi waliandika asilimia 30 kwenye katiba yao ya 2005, ikawa lazima, na wanawake wakaingia bungeni. Sidhani wanawake wa Bujumbura wanapendana kutushinda sisi.

Kabla ya uchaguzi wa 2028, ruhusa ile ya kifungu cha 13 ifutwe. Chama kitakachopeleka kwa tume ya uchaguzi, CENI, orodha ya wanaume watupu kirudishwe mlangoni, kama anavyorudishwa mpiga kura asiye na kadi.