Tatizo si noti, tatizo ni muamala

Haya wasomaji, leo niruhusuni nizungumzie magari. Msikimbie, mwisho wake tutarudi kwenye hifadhidata.

Nikiwa Nairobi, kila nikitaja kwamba kwetu Garissa mtu hununua Probox au Noah iliyotumika kwa noti mkononi, naulizwa swali lile lile: kwani huko hawajui M-Pesa? Swali hili limenichosha. M-Pesa ilianza Machi 2007, na mama anayeuza maziwa ya ngamia sokoni analipwa kwa simu kila siku. Watu hawa hawalipi keshi kwa kutojua. Wamepiga hesabu. Msimamo wangu ni huu: keshi si ushamba, na wala si ugonjwa wenyewe. Ugonjwa ni kwamba pesa na umiliki wa gari hupita njia mbili ambazo hazijuani.

Tuanze na hesabu hiyo. Tuseme gari ni shilingi 1,100,000. Noti kubwa kabisa ya Kenya ni ya 1,000, kwa hiyo ni noti 1,100, yaani mabunda 11 ya noti mia mia. Ukihesabu noti moja kwa sekunde, ni zaidi ya dakika 18. Muuzaji naye ahesabu. Mkitofautiana kwa noti mbili, mnaanza upya. Ni kazi, lakini inaisha kabla ya adhuhuri.

Sasa jaribu kwa simu. Tangu Agosti 2023, M-Pesa inaruhusu hadi 250,000 kwa mara moja, 500,000 kwa siku, na akaunti yenyewe haibebi zaidi ya 500,000. Gari letu litahitaji kutuma mara tano kwa siku tatu, na kila jioni muuzaji aondoe pesa zake ili kesho zipate nafasi. Swali: katika siku hizo tatu, gari linalala kwa nani? Ukishatuma laki tano za kwanza, muuzaji ana pesa zako na gari lake. Akikupa funguo mapema, wewe una gari lake na deni. Vyovyote vile, mmoja wenu halali usingizi.

Zipo njia za benki. RTGS ipo nchini tangu 2005, na tangu Oktoba 2009 hundi ya zaidi ya milioni moja haipiti tena kwenye mfumo wa hundi, lazima uende RTGS. PesaLink ilikuja 2017, nayo inabeba hadi 999,999 kwa mara moja. Ni njia nzuri, na mimi nazitumia. Lakini zinaanzia mahali ambapo pesa tayari ziko benki, na pesa za kwetu nyingi hazianzii huko. Zinaanzia soko la mifugo la Garissa, ambako ngamia na ng'ombe hubadilika kuwa noti.

Hapa ndipo msomaji wa mbali anapaswa kuelewa uzito wa jambo. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa katika maeneo makavu ya Kenya. Familia nyingi zilijifunza kwamba mali iliyosimama kwa miguu minne inaweza kulala yote kwa mwaka mmoja. Wengine wakaamua kuuza sehemu ya kundi na kununua kitu cha magurudumu manne, kibebe abiria au mizigo. Kwa hiyo yale mabunda 11 si pesa za starehe. Ni kundi zima limefungwa kwa mpira.

Na msituambie tuamini mfumo bila kukumbuka. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, ambapo watu 148 waliuawa, serikali ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma pesa, zikiwemo za hawala. Zilirudishwa Juni mwaka huo. Kwa miezi ile, mtu aliyetegemea pesa za ndugu yake wa ughaibuni alikuwa na njia jana, leo hana. Ongeza minara ya simu iliyoshambuliwa mara kwa mara Garissa, Wajir na Mandera. Mnara ukilala, pesa zako za simu nazo zimelala.

Keshi nayo si malaika. Juni 2019 Benki Kuu ilitangaza noti mpya, na noti ya zamani ya 1,000 ikaisha kazi tarehe 30 Septemba. Noti za kama shilingi bilioni 7.4 hazikurudi. Zikawa karatasi. Tena noti huibiwa, huungua na hughushiwa. Lakini zina sifa moja ambayo muuzaji anaipenda kuliko zote: ukishazipokea, hakuna mtu wa kubonyeza kitufe mahali fulani azirudishe.

Sasa twende kwenye hifadhidata kama nilivyoahidi. Waliosoma kompyuta wanaujua mfano wa darasani. Unahamisha shilingi 500 kutoka akaunti ya kwanza kwenda ya pili. Hatua ni mbili: punguza huku, ongeza kule. Umeme ukikatika katikati, mfumo mzuri hurudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Ama hatua zote zifanyike, ama isifanyike hata moja. Huo ndio muamala kamili.

Ununuzi wa gari nao una hatua mbili: pesa ziende kwa muuzaji, na jina kwenye mfumo wa NTSA liende kwa mnunuzi. Kwa keshi, hatua ya kwanza inakamilika sebuleni na haigeuki. Hatua ya pili inabaki mikononi mwa muuzaji: akaunti yake ya eCitizen, simu yake, na uungwana wake. Sheria ya trafiki ya Kenya inasema aliyeandikwa kwenye usajili ndiye anayehesabiwa mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo, na inatoa siku 14 za kubadilisha. Siku 14! Katika programu, hata sekunde moja ya namna hiyo tunaiita kasoro.

Kumbukeni pia kwamba kasoro hii haiondoki ukibadilisha noti kwa simu au RTGS. Pesa zitafika haraka zaidi, basi. Jina litabaki pale pale.

Jirani yetu mmoja alilipa taslimu, akapewa funguo na logibuku, akashukuru Mungu. Baada ya miezi miwili walikuja watu wa mkopo na gari la kuvuta. Logibuku ile ilikuwa ya kughushi. Kwenye mfumo, gari lilikuwa na majina mawili, la muuzaji na la mkopeshaji. Pesa zile zilikuwa za ndugu watatu. Noti alizotoa zilikuwa halali, zote. Kilichokosekana ni mtu wa kuangalia hifadhidata kabla ya kuzihesabu.

Wapo wanaosema dawa ni kupiga marufuku keshi nyingi. Hata Ufaransa, ambako tangu 2015 mkazi hawezi kumlipa mfanyabiashara zaidi ya euro 1,000 taslimu, haikuweka kikomo hicho kwa mtu na mtu. Watu binafsi wakiuziana kitu cha zaidi ya euro 1,500, wanatakiwa waandikiane. Msisitizo uko kwenye ushahidi. Kwetu, marufuku itamfanya mfugaji alipe vile vile, ila kwa kujificha, na bila shahidi.

Na ushahidi si jambo geni Garissa. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani inahusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi, na inaagiza mashahidi hata katika mauziano ya papo kwa papo. Wazee wetu walikuwa na amana: pesa anashika mtu wa tatu anayeaminika, hadi pande zote mbili ziridhike. Dalali mzuri hufanya kazi hiyo mpaka leo. Mnaomcheka dalali, mjue yeye ndiye aliyekuwa akiunganisha hatua mbili kabla hatujazaliwa. Udhaifu wake ni mmoja: hawezi kuona ndani ya mfumo wa serikali.

Kwa hiyo, kwa anayenunua gari kwa keshi leo, naona mpango uwe hivi:

1. Fanya utafutaji wa gari kwenye mfumo wa NTSA kupitia eCitizen siku ile ile ya malipo. Gharama imekuwa shilingi 550. Usikubali karatasi ya wiki jana. Linganisha nambari ya chesi na ya injini kwa macho yako.

2. Tafuta pia kwenye sajili ya dhamana iliyoanzishwa na sheria ya mali zinazohamishika ya 2017. Gari linaweza kuwekwa rehani bila logibuku kukuonyesha chochote.

3. Kutaneni ndani ya benki ya muuzaji, si sebuleni, na si kwenye yadi. Mnunuzi aweke noti moja kwa moja kwenye akaunti ya muuzaji. Mashine itahesabu, noti bandia zitaonekana, na stakabadhi itabaki. Benki huuliza maswali ukileta keshi ya milioni na zaidi, hivyo njoo na stakabadhi za soko la mifugo.

4. Mkiwa pale pale, kabla noti hazijapita kaunta, muuzaji aanzishe uhamisho kwenye simu yake, na mnunuzi aukubali. Pengo halizibiki lote, lakini linashuka kutoka siku 14 hadi dakika chache.

5. Andikeni mkataba wenye nambari za vitambulisho, chesi, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, na mashahidi wawili wenye simu zinazopatikana.

Muuzaji naye asione kama ni hisani. Gari lililobaki na jina lake likifanya kosa, atakayegongewa mlango ni yeye. Na kwa nchi yetu yenye vizuizi vya polisi kila baada ya mwendo, gari lenye jina la mtu mwingine ni maelezo yasiyoisha kutoka Garissa hadi Mwingi.

Hatua hizo ni viraka. Sasa nawageukia wanaprogramu wenzangu na wenye mamlaka. Kila mwaka naona programu mpya ya kutuma pesa, kana kwamba kutuma ndiko kulikotushinda. Tunachohitaji ni amana ndani ya mfumo. Mnunuzi aweke pesa, zishikwe kwa nambari ya uhamisho wa gari. NTSA ikithibitisha jina limebadilika, pesa zimwendee muuzaji. Saa 24 zikipita bila uthibitisho, zirudi zilikotoka. Kwa upande wa programu hii ni kazi ya hali tatu tu: zimeshikwa, zimetolewa, zimerudishwa. Ugumu uko kwa sheria: nani ashike, chini ya leseni gani, na atoze kiasi gani.

Na ikijengwa, ijengwe kwa ajili ya Garissa pia. Iwe na mlango wa noti, mtu aweze kuweka kaunta ya benki. Ifanye kazi kwa simu ya kawaida isiyo na intaneti. Isilipe wala kutoza riba kwa pesa zilizoshikwa, maana ikiwa na riba watu wetu wengi hawataigusa, hata iwe na rangi nzuri namna gani. Na kikomo chake kifuate bei ya gari, si bei ya vocha.

Siku hiyo ikifika, mtu akitaka kulipa kwa noti alipe kwa noti, na anayetaka simu atumie simu. Haitakuwa na maana tena, kwa sababu pesa na jina vitahama pamoja, au havitahama kabisa. Kabla ya hapo, tafadhali msiniulize tena kama watu wa Garissa wanaijua M-Pesa. Waulizeni walioijenga eCitizen kwa nini wanajua jina la mwenye gari lakini hawajui kama amelipwa.

Mwenye mawazo tofauti karibu tubishane. Wenye madalali wazuri, wasalimieni.