MAONI: Watoto hawakuomba Krismasi ya kando ya baa

DESEMBA ikifika, miji yetu ya Mlima Kenya hubadilika sura. Ukishuka stendi ya Nyeri unakutana na magari kutoka Nairobi, nauli imepanda, na kila nguzo ya stima ina bango la sherehe ya Krismasi. Hivyo hivyo Karatina, Nanyuki, Kerugoya hadi Embu.

Hebu soma hayo mabango vizuri. Juu kuna picha ya dijei. Katikati kuna mbuzi choma na ndoo ya bia. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, wameandika kwamba watoto watapata majumba ya upepo ya kurukaruka, kuchorwa nyuso na kupanda farasi. Leteni familia, wanasema.

Mimi hiyo familia niliileta. Krismasi ya mwaka juzi nilifunga safari na mke wangu, binti yetu aliyekuwa na miaka mitano, na kaka yake mdogo aliyekuwa bado anabebwa. Binti ana jina la mamangu, kwa hivyo nyumbani tunamwita Mami. Tulikuwa tumekubaliana na marafiki, wote wazazi vijana kama sisi, tukutane mahali fulani pa kuchoma nyama nje ya mji. Jina la pale halina maana. Kuna kama pale kila mahali huku.

Tulifika saa tano asubuhi. Nikalipia mkanda wa mkononi wa Mami, nikamwona akipanda lile jumba la upepo akicheka, nikajiambia kazi ya ubaba nimeimaliza. Nyama ikaja. Chupa zikaja. Hadithi za siasa na mpira zikanoga.

Saa kumi na moja jioni wenye majumba ya upepo wakazima jenereta, wakakunja vitu vyao, wakaenda. Hakuna aliyetuambia. Kwa kweli hakuna kati yetu aliyeuliza. Nilipoinua kichwa kilikuwa kigiza, muziki umepandishwa, na pale nilipomwacha mtoto palikuwa uwanja mtupu.

Tulimtafuta kwa dakika kama arobaini. Mzazi yeyote anajua dakika arobaini za aina hiyo zina urefu gani. Tulimpata upande wa maegesho ya magari, ameketi kwenye mtungi wa rangi karibu na moto wa mchoma nyama. Mzee wa kulinda magari alikuwa amemvisha koti lake, kwa sababu Nyeri iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari na jua likizama baridi haina huruma, hata Desemba.

Hakuwa analia. Nilipomuuliza kwa nini hakuja kututafuta, alinijibu hivi: "Nilikuwa nangojea mmalize."

Sijawahi kupigwa na maneno kama hayo.

Sisemi haya ili tuonekane wazazi wabaya. Tulikuwa wazazi wa kawaida kabisa, na hapo ndipo penye shida. Tumezoea kuita sherehe ya watu wazima Krismasi ya watoto, bora tu pawe na kitu cha kurukia. Mtoto anawekwa kando kama mzigo kwenye stoo, tukimaliza tunamchukua.

Kuna sheria pia, ingawa watu wengi wanaijua kwa upande wa saa za kufungua baa tu. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ile tuliyozoea kuiita sheria ya Mututho, inamkataza mwenye leseni kumruhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kuingia mahali pombe inapouzwa na kunywewa. Ukiweka farasi na rangi za uso pembeni, bado ni baa. Lakini hata polisi wangekuwa wakali kiasi gani, aliyemshika mtoto mkono akampeleka pale ni mimi, si mwenye baa.

Huku kwetu jambo hili lina uzito zaidi. Eneo hili limezika vijana wengi kwa sababu ya pombe. Februari 2024, kijiji cha Kangai, Kaunti ya Kirinyaga, kilipoteza zaidi ya watu kumi waliokunywa pombe yenye sumu. Tulilia, viongozi wakahutubia, baa zikafungwa kwa muda. Halafu Desemba inafika na tunamfundisha mtoto wa miaka mitano kwamba siku kubwa kuliko zote katika mwaka ni ile ambayo baba anashika chupa tangu mchana. Unadhani atajifunza nini?

Mtu ataniambia, "Buda, nimesota mwaka mzima, nami sina haki ya kujienjoi?" Unayo. Sipingi mtu mzima kukutana na wenzake. Mwaka una siku 365. Ninachosema ni kwamba hii moja wapewe wenyewe.

Mwingine atasema, "Nyumbani gani? Ninakaa bedsita Majengo, hata pa kugeukia hakuna." Hilo ni swali la kweli, na nitakujibu kwa yale tuliyofanya mwaka jana, maana sisi pia tunakaa kwenye ploti, vyumba viwili, upande wa King'ong'o.

Kwanza tulitafuta mti. Wale waliolelewa huku wanakumbuka: tawi la saipresi linachomekwa kwenye mkebe wa rangi uliojaa mchanga, linafungwa baluni, kisha linatupiwa pamba juu yake. Tawi tuliomba kwa mwenye ua, hatukukata ovyo. Mami alipokuwa anabandika pamba aliuliza, "Hii ni ya nini?"

Nikasema ni theluji. "Theluji ni nini?"

Hapo nikagundua kwamba sisi tumekua tukitupia miti pamba kuiga baridi ya Ulaya, ilhali theluji ya kweli iko hapo juu ya vichwa vyetu. Asubuhi iliyofuata nilimwamsha saa kumi na mbili na nusu kabla mawingu hayajapanda, nikamfunga shali, tukatoka nje. Kirinyaga ilikuwa wazi kabisa. Nikamwonyesha kilele cha Batian, mita 5,199, mlima wa pili kwa urefu Afrika. Nikamwambia guka zake walipoomba walielekea kule.

Pia nilimwambia ile barafu inapungua. Mwaka wa 2022 UNESCO ilionya kwamba barafu ya Mlima Kenya na ya Kilimanjaro huenda ikaisha kufikia 2050. Mami wakati huo atakuwa na zaidi ya miaka thelathini. Alinyamaza kidogo, akauliza kama tunaweza kuipelekea pamba. Hiyo dakika haikunigharimu hata shilingi, na hadi leo akiuona mlima anaukagua kama mtu aliyeachiwa kitu akilinde.

Siku yenyewe ya Krismasi tulipanga na majirani watatu wa ploti. Kila nyumba ilete kitu: mmoja mukimo, mwingine kachumbari na soda, sisi kuku mmoja wa kienyeji na chapati. Kamba za nguo zilitolewa, uwanja wa kuanikia ukawa ukumbi. Hesabu yangu haikufika shilingi 3,000. Mwaka juzi nilikuwa nimetumia zaidi ya 9,000, nyingine za Fuliza, na tulipofika Njaanuari tulikuwa tunaomba shule itupatie muda wa kulipa karo.

Jambo kubwa nililojifunza ni kwamba mtoto mdogo hataki kutumbuizwa sana. Anataka kazi. Huyu wa miaka miwili na nusu tulimpa donge la unga, akalikanda tangu saa nne hadi likawa jeusi, na tulilipika tukalisifu. Mami alikuwa mhesabu chapati. Kila ikitoka anaweka alama kwenye karatasi, na zilipofika arobaini na mbili alitangaza kama msimamizi wa uchaguzi. Watoto wa majirani waliandika kadi za wazee wao, kisha tukampigia shosho simu ya video tukiwa kelele tupu.

Usiku dada mmoja wa jirani alisimulia hadithi za sungura na fisi. Taa za umeme zilizimwa makusudi. Hakuna mtoto aliyeuliza katuni.

Sasa, wanaume wenzangu, sikilizeni hapa. Ukisema "tubaki nyumbani" halafu ukae kwenye kochi na rimoti, hujamfanyia mtu Krismasi. Umemhamishia mama kazi ya hoteli. Wake wengi hupenda kutoka siku hiyo kwa sababu moja tu: pale nje kuna mtu mwingine wa kupika na kuosha vyombo. Mke wangu aliniambia hivyo waziwazi nilipoleta hili wazo. Alisema, "Sawa, lakini kuku utamnyonyoa wewe."

Nilimnyonyoa. Nilichoma kidole kwa maji moto na nikaacha manyoya mabawani, lakini nilimnyonyoa. Vyombo tuliosha wababa watatu tukipiga hadithi zile zile za siasa na mpira. Zilinoga vilevile. Katiba yetu yenyewe, Kifungu cha 53, inasema malezi ni jukumu la baba na mama kwa usawa. Haijaandika kwamba Desemba 25 baba yuko likizo.

Mambo mawili ya usalama kabla sijasahau, kwa sababu nyumba zetu ni ndogo na huku ni baridi. Jiko la makaa lisiingizwe ndani usiku ili kupasha chumba joto, milango na madirisha yakiwa yamefungwa. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi ambayo haina rangi wala harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Vaa sweta mbili, ongeza blanketi. La pili ni baluni. Ikipasuka, okota vipande vyote mara moja, maana mtoto mdogo akikitia kipande mdomoni kinaweza kumziba koo.

Najua pia kuna wazazi ambao hawatakuwa nyumbani siku hiyo. Dereva wa matatu, muuguzi, askari wa lango, mama anayeuza mboga Karatina ambaye siku ya watu kula ndiyo siku yake ya kuuza. Kwao sina mahubiri. Nilikulia kwenye nyumba kama hiyo. Baba alifanya kazi Nairobi na kuna miaka alifika tarehe 27 na mkate na soda. Mama alikuwa anatuambia Krismasi bado haijaanza. Tulichuma kahawa asubuhi, tukaoga, tukavaa nguo mpya tukaketi barabarani kumsubiri. Tarehe 27 ilikuwa Krismasi kamili. Mtoto hasomi kalenda, anaangalia nani amekuja.

Ndiyo maana lile neno la Mami lilinichoma. Sisi tulikuwa tunangojea baba aje. Yeye alikuwa anangojea baba amalize, na baba alikuwa hatua hamsini tu kutoka hapo.

Kwa hivyo kijana mwenzangu, kabla hujatuma pesa ya kuhifadhi meza, jiulize hiyo meza ni ya nani. Ikiwa ni yako na wasee wako, sawa, chagua siku nyingine na uwaache watoto kwa mtu unayemwamini. Ikiwa ni ya watoto, waulize wanataka nini. Wangu niliwauliza wiki jana nikitarajia kusikia baiskeli ama Mombasa.

Mdogo alisema anataka unga. Mami alisema mwaka huu anataka kuhesabu hadi mia moja, kwa hivyo chapati ziongezwe.

Nimeshaanza kutafuta pa kuazima sufuria kubwa.